Herufi au Macho

Philomena alikuwa na macho mazuri mpaka umpe kitu cha kusoma. Akitazama pamba iliyopasuka shambani, akitazama ng'ombe wanaorudi jioni, akimtazama mtu aliyesimama ng'ambo ya kisima, macho yake yalikaa sawasawa, makubwa na meusi, na vijana wa kijiji cha Nkoma walikuwa wakipunguza mwendo bila sababu ya maana. Lakini mpe kitabu, au sindano, au ungo wa choroko achambue, na hapohapo jicho la kushoto lilianza safari yake. Lilijisogeza taratibu kuelekea puani, likakaa huko kama lina shughuli. Akiinua uso kutazama mbali, lilirudi mahali pake kana kwamba hakukutokea kitu.

Shuleni walimwita Kengeza, na watoto wakikupa jina hukupa kwa moyo wote. Aliyewanyamazisha ni kaka yake, Machibya, aliyemzidi umri kidogo na mwili sana. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimkamata mchokozi nyuma ya choo cha shule, akamweleza jambo kwa ngumi, na kesho yake mchokozi alimwita Philomena kwa jina lake la ubatizo, lote, bila kumeza hata silabi. Baba yao alipofariki, Machibya ndiye aliyeshika jembe na fimbo ya ng'ombe. Mama yao, Mektilda, alikuwa akisema mbele za watu kwamba amezaa watoto wawili na mmoja ni mlinzi wa mwenzake. Philomena aliamini hivyo. Ubaya wa habari hii uko hapo, kwamba aliamini hivyo na alikuwa na kila sababu ya kuamini.

Peke yake, bila kufundishwa na mtu, alikuwa amegundua namna ya kulificha jicho. Akiwa na kitabu mbele yake, aliweza kuziachia herufi. Hakufumba macho. Alilegeza kitu fulani ndani, kitu asichokijua jina, na herufi zikaingia ukungu, mistari ikawa michirizi ya kijivu, na jicho likatoka puani likakaa sawa. Akizitaka herufi tena alikaza, herufi zikaja, na jicho likaondoka. Basi mkaguzi akiingia darasani, Philomena aliziachia. Alikaa na uso wake mzuri mbele ya ukurasa wa ukungu, na akiambiwa asome, alisoma alichokumbuka. Walimu walimwona mtoto mwenye akili lakini mvivu. Alimaliza darasa la saba akiuguza kichwa, na hakuchaguliwa kwenda popote.

Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilikuwa imeshapita, na nyumba zimepangwa kwa mistari kando ya barabara, waganga wa macho kutoka Mwanza walipopiga kambi Bariadi. Machibya ndiye aliyesikia habari hiyo mnadani. Ndiye aliyempakia dada yake nyuma ya baiskeli, akakanyaga asubuhi nzima juani, na ndiye aliyebishana na watu waliotaka kuwapita kwenye foleni.

Tabibu aliyewapokea aliitwa Mayala, mtu mnene mwenye sauti ya kunadi. Alimwambia Philomena atazame mti uliokuwa nje ya dirisha. Macho yalikaa sawa. Kisha akamwinulia penseli karibu na uso, yenye maandishi madogo ubavuni, akamwambia ayasome. Jicho la kushoto likaingia. Tabibu akatabasamu kama mtu aliyeona kitu anachokipenda.

"Umelima na ng'ombe?" aliuliza.

"Kaka ndiye anayelima," alisema Philomena.

"Basi na yeye asikie." Alimgeukia Machibya. "Ukitazama kitu cha karibu, macho yanafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza iko ndani ya jicho: kuna kioo kidogo mle, kinakazwa mpaka kile kitu kionekane bila ukungu. Kazi ya pili ni ya macho yote mawili kugeuka kuelekea puani, kwa sababu kitu kikiwa karibu kinakaa katikati yao. Kazi hizo zimefungwa nira moja. Huwezi kumwamuru ng'ombe mmoja aende, mwingine abaki. Unaelewa?"

"Naelewa," alisema Machibya.

"Sasa macho ya huyu binti yamezaliwa mafupi kidogo. Wewe ukisoma, unakaza kidogo tu. Yeye anakaza maradufu ndipo aone herufi ileile. Ng'ombe wa kwanza anavuta kwa nguvu zake zote, na wa pili, kwa kuwa wako nira moja, anaburutwa kupita kiasi. Ndiyo maana jicho linavuka. Si kurogwa, si laana, na halijalegea kokote. Linafanya kazi kupita kiasi."

Akamvalisha fremu nzito ya chuma, akachomeka kioo kimoja, akachomeka kingine, akamrudishia penseli. Philomena alisoma yale maandishi madogo. Kisha akasikia kaka yake akivuta pumzi. Jicho lilikuwa limekaa mahali pake, na maandishi yalikuwa safi, vyote viwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu azaliwe. Alilia mbele ya watu bila aibu.

"Miwani inabeba mzigo wa ng'ombe wa kwanza," alisema Mayala. "Yeye akipumzika, wa pili anatulia."

Machibya alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, akisikiliza kuliko mgonjwa mwenyewe. "Na asipokuwa na miwani?" aliuliza.

"Atachagua. Aone herufi, au macho yakae sawa. Vyote viwili hapati."

Miwani yenyewe ilitengenezwa Mwanza ikaja kwa treni mpaka Malampaka, na Machibya akaenda kuichukua kwa baiskeli. Alirudi midomo imepasuka kwa vumbi, kakasha ka kijani kamefungwa kifuani ndani ya shati ili kasigongwe na matuta. Hakuna aliyemtuma. Philomena alikumbuka safari ile kwa miaka mingi, kwanza kwa furaha, baadaye kwa namna nyingine.

Msichana aliyeitwa mvivu akageuka kuwa balaa la vitabu. Alisoma gazeti lililofungia sukari, alisoma maelekezo ya dawa ya pamba, aliwasomea wanakijiji barua zao. Madarasa ya kisomo cha watu wazima yalipoanza, aliombwa asaidie, na baada ya muda mfupi hakuwa tena msaidizi. Kina mama waliotoka kuchuma pamba walikaa chini wakiwa na vidole vyenye mikwaruzo, wakaandika majina yao, na wakamwita Mwalimu. Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa akitania. Waliofuata hawakutania.

Kisha ikatangazwa kwamba kila mtoto nchini ataingia shule, na kwa kuwa walimu hawatoshi, vijana waliomaliza la saba watachaguliwa vijijini wafundishwe kazi. Kwa kata yao iliwekwa nafasi moja ya msichana. Usaili ungefanyika Bariadi. Philomena alihisi ile nafasi imekatwa na kushonwa kwa kipimo chake. Hakuitaka kwa ajili ya mshahara wala jina. Alitaka kusimama mbele ya watoto, kwa sababu alijua kwa yakini kwamba katika kila darasa yupo mmoja anayeitwa mvivu naye haoni.

Lakini nyumbani kulikuwa na habari nyingine. Machibya alikuwa amempata msichana wa upande wa Mwanhuzi, binti wa mfugaji, na wafugaji wa kule hawamtoi binti kwa pamba wala kwa ahadi. Wanataka ng'ombe. Ng'ombe wa marehemu baba yao walikuwa wamesongamana kwenye malisho finyu baada ya kuhama, ugonjwa ukapita, wakabaki wale wawili wa kulimia. Katika familia ya namna hiyo kila mtu anajua ng'ombe wa kijana watatoka wapi. Wanatoka kwa dada yake. Na posa ilikuwepo tayari: kijana aitwaye Mihayo, wa ng'ambo ya mto, kwao wana zizi linalosikika kabla hujaliona. Mihayo hakuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba alikuja wakati mbaya. Mwalimu mpya angepelekwa popote atakapopangiwa, na mambo ya ndoa yangesubiri mpaka amalize mafunzo.

Philomena alimfuata kaka yake shambani, akamwambia wazi kwamba anataka kwenda Bariadi. Machibya aliendelea kung'oa masalia ya pamba kwa muda.

"Nenda," alisema mwishowe. "Ng'ombe hawakimbii. Mimi nitangoja."

"Kweli, kaka?"

"Nimeshakudanganya lini?"

Hakuwa amewahi. Philomena alimshika mkono, akaubusu, jambo ambalo kwao halifanyiki sana, na Machibya akacheka akamwambia aache vituko.

Asubuhi ya usaili Mektilda aliwafungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Philomena aliweka kakasha ka kijani kikapuni kwa mikono yake, miwani ikiwa ndani, chini ya kitenge. Machibya akachukua kikapu akakifunga kwenye usukani, akarudi ndani kutafuta pampu, akatoka. Njiani waliimba kidogo. Waliokutana nao waliwasalimu "mwangaluka", nao wakaitikia, na mzee mmoja akauliza kama ni arusi. "Karibu sawa," alijibu Machibya, na Philomena akacheka mpaka akakaribia kuanguka.

Usaili ulikuwa kwenye darasa la shule. Nje, chini ya upenu, wasichana na wavulana waliketi wakinong'ona. Jina lake lilipoitwa, Philomena alifungua kikapu, akatoa kakasha, akakafungua. Kalikuwa tupu.

Alikipekua kikapu. Alitoa kitenge akakikung'uta, akatoa michembe, akapapasa chini.

"Kaka, miwani."

Machibya alipiga magoti vumbini, akapekua tena kile kilichokwisha kupekuliwa. "Labda uliiacha kitandani," alisema.

"Niliiweka humu. Niliiona."

"Labda ulidhani umeiweka. Mtu akiwa na haraka anaona kitu ambacho hakipo." Alimshika mabega. "Ingia, Filo. Wewe unajua kusoma hata bila miwani. Ingia, wasije wakaliruka jina lako."

Aliingia. Meza ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Athanasi, mzee mwembamba mwenye suti ya kola ya shingoni. Kulia kwake aliketi Bibi Maftaha, mwanamke wa mjini aliyekuwa kwenye uongozi wa akina mama, kilemba kimefungwa barabara. Wa tatu alikuwa karani. Walimuuliza maswali, na kwa kuwa walikuwa wamekaa mbali kidogo, aliwajibu akiwatazama usoni, macho yake yametulia. Aliwaeleza habari za kisomo. Bibi Maftaha alicheka mahali pa kucheka. Mambo yalikuwa yakienda vizuri kiasi cha kutisha.

Kisha Athanasi akamkabidhi kitabu. "Tusomee ukurasa huu kama unavyowasomea watoto."

Philomena aliufungua. Mwili wake, uliozoea kujificha kwa miaka, ulifanya ulichokizoea kabla hajauamuru: ukaziachia herufi. Ukurasa ukawa ukungu. Alikuwa na uso mzuri na hakuwa na neno hata moja la kusoma, na kitabu hiki hakuwahi kukisoma, hapakuwa na cha kukumbuka. Alikohoa. Alibahatisha maneno ya kwanza, makubwa ya kichwa cha habari, kisha akakwama.

"Unajua kusoma?" aliuliza Athanasi, bila ukali.

Swali hilo lilimchoma kuliko Kengeza zote za utotoni. Basi alichagua. Alikaza. Herufi zilitoka ukunguni moja moja zikasimama, na alihisi jicho likiondoka, likiburutwa, na akaliacha liende. Alisoma. Alisoma kwa sauti ya kisomo, pole pole penye ugumu na mbio penye raha, akasimama penye nukta na kupumua penye mkato, na alipofika mwisho wa ukurasa kichwa kilikuwa kikimgonga.

Aliinua uso. Karani alikuwa akitazama sakafu. Bibi Maftaha alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Umesoma vizuri kuliko wote leo," alisema Athanasi. "Sitakuficha. Lakini mwanangu, hayo macho."

"Ni miwani, Mwalimu. Nikivaa yanakaa sawa. Tabibu alinieleza."

"Miwani iko wapi?"

Philomena aliwaonyesha kakasha kalikokuwa tupu. Hata yeye alijisikia kama mtu anayeonyesha gunia na kusema ndani palikuwa na simba.

"Watoto wa darasa la kwanza wataiga, wazazi watasema," alisema Bibi Maftaha, na alisema kwa huruma, ndiyo maana haikuwezekana hata kumchukia. "Unajua watu wetu wanavyoyachukulia macho."

Athanasi alifikiri. "Majina yanapelekwa Ijumaa. Njoo na hiyo miwani kabla ya hapo, usome mbele yetu tena. Ukisoma macho yakiwa sawa, nafasi ni yako, nami nitaitetea. Baada ya Ijumaa sina uwezo."

Siku zile hadi Ijumaa Philomena alizimaliza akitafuta. Waliinua kitanda. Walimwaga mtungi. Mektilda alichakura majivu ya jikoni, mtu wa umri wake, na kuombea kwa Mtakatifu Antoni. Machibya alitafuta kuliko wote. Alipanda darini, akatoka na utando wa buibui kichwani. Kisha akasema huenda ilidondoka njiani kikapu kilipokuwa kikirukaruka, ingawa hakuna aliyeweza kueleza itadondokaje kakasha kakabaki. Akachukua baiskeli, akasema ataipitia njia yote ya Bariadi hatua kwa hatua. Alipotea kutwa nzima. Alirudi jioni mwili mzima vumbi, akatikisa kichwa tu, akakaa kwenye kigoda. Philomena alimletea maji ya kunawa miguu. Alimwonea huruma. Alimwambia, "Pumzika kaka, umefanya ulichoweza," na Machibya akainamisha uso akanawa.

Ijumaa ikaja ikapita. Nafasi ilichukuliwa na msichana wa kijiji cha jirani, asiye na kosa, asomaye kwa kukwamakwama.

Wiki zilizofuata Philomena hakwenda kisomo. Hakuweza kusoma bila kuumwa, na miwani nyingine ingemaanisha kungoja waganga warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Machibya hakumsukuma. Alikaa naye jioni, akamletea mua, akamwambia taratibu kwamba huenda haikupangwa, kwamba Mihayo bado anangoja, kwamba nyumba ya akina Mihayo si nyumba mbaya. Na siku moja Philomena alitazama kaka yake aliyekuwa amekonda kidogo, akafikiri: mimi nimekosa changu, kwa nini na yeye akose chake? Akamwambia mama yake wageni waje.

Walikuja Jumapili baada ya misa. Mihayo mwenyewe hakuja, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Walikuja wajomba, na mama yake, mwanamke mpana mwenye sauti ya upole, akasalimu "mwadila" kwa kila mtu mpaka kwa mwenye kubeba kuni. Waliketi uani kwenye kivuli cha nyumba. Wanaume wakaanza kuzunguka mambo kama ilivyo ada, wakizungumzia mvua na bei ya pamba.

Philomena alitoka na birika na beseni awanawishe wageni mikono. Hiyo ni kazi ya karibu. Alipofika kwa Mama Mihayo, aliogopa jicho, akamwaga maji akiwa ametazama juu ya bega la yule mama, mbali, kwenye paa la jirani. Maji yakamwagikia kitenge cha mgeni.

"Samahani, mayu," alisema, kama mtu amwitavyo mama yake.

"Usijali." Mama Mihayo alimshika kiganja, akashusha sauti. "Na usinikwepe kwa macho, ng'wanawane, mwanangu. Kaka yako alitueleza yote. Kwetu hakuna atakayekucheka. Wabeja, asante sana kwa moyo ulioonyesha."

Philomena hakuelewa. "Moyo gani, mayu?"

Mama Mihayo alidhani ni haya za msichana, akatabasamu. Alifungua fundo kwenye pembe ya kanga yake, fundo kubwa kidogo, akalilegeza kwa uangalifu. "Ukoo wetu una desturi. Kabla ya ng'ombe kutajwa, binti anatoa kitu chake mwenyewe, kitu asichoweza kukaa bila hicho, kinatunzwa na mama wa mvulana. Ni kusema amekubali kwa hiari yake. Wengine hutoa shanga. Mimi nilitoa kisu changu cha kukatia mtama. Wewe ukatoa hii. Siku aliyotuletea kaka yako nilimwambia mume wangu, binti huyu ameshakuja kwetu kabla hajaja."

Ndani ya kanga ilikuwa miwani.

"Aliileta lini?" aliuliza Philomena. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Ilimshangaza mwenyewe.

"Katikati ya wiki ile mliyotoka Bariadi. Masikini, alikuja kwa baiskeli, vumbi tupu. Nimeileta leo uivae tunapozungumza, kisha utanirudishia nikakae nayo mpaka uje."

Philomena aliweka birika chini. Alikuwa akiona kila kitu, kwa mpangilio, na hakuna kilichokosa mahali pake. Kikapu mikononi mwa Machibya alipokuwa akikifunga kwenye usukani. Pampu iliyosahaulika ndani. Wakati Machibya amepiga magoti vumbini akipekua kikapu, miwani ilikuwa mfukoni mwake, na alimshika mabega na miwani ikiwa mfukoni. Aliposema ingia, alijua anamwingiza kwenye nini, kwa kuwa alikuwa amemuuliza tabibu kwa mdomo wake mwenyewe na kujibiwa. Aliona maji aliyomletea anawe miguu, vumbi la njia ya akina Mihayo likitoka. Hakuwahi kumwogopa mtu kama alivyomwogopa kaka yake wakati ule, naye kaka alikuwa amekaa pale pale, akicheka na wajomba.

Aliichukua miwani, akaivaa. Uso wa Mama Mihayo ukaja karibu, ukiwa safi, mikunjo yote, macho mema. Alimwonea huruma huyu mama, kwa kuwa alikuwa amedanganywa kama yeye.

"Mayu," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "hii sikuitoa mimi. Ilichukuliwa. Naomba nisikurudishie."

Mazungumzo ya pamba yalikatika. Mama Mihayo alimtazama, kisha akamtazama Machibya, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alisimama akakung'uta kanga. "Kitu kisichotolewa na binti hatukihesabu," aliwaambia wanaume wake. "Twendeni." Wajomba waliinuka, mmoja akiwa bado na mikono mibichi. Walimuaga kwa heshima Mektilda, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya wali, hajui aiweke wapi.

Ua ulipobaki na watu wa nyumbani, Machibya alikuwa bado kwenye kigoda. Hakujaribu kukana. Hilo angalau hakulifanya.

"Nilikwenda Malampaka kwa ajili yako," alisema. "Kwenda na kurudi."

"Najua."

"Tangu utoto nimekubeba. Nikafikiri safari hii na mimi..." Hakumaliza. "Yule wa Mwanhuzi hatangoja. Baba yake ameshasema."

"Ungeniambia," alisema Philomena. "Pale shambani, nilipokuuliza. Ungesema, Filo, siwezi kungoja, usiende. Ningebaki, Machibya."

Alipolisema alijua ni kweli. Angelia siku mbili tatu, kisha angebaki, angeolewa na Mihayo, na angempa kaka yake ng'ombe wote kwa mkono wake na kumshangilia siku ya arusi. Alikuwa tayari kumpa. Ndicho kilichomuuma kupita Ijumaa na kupita nafasi yenyewe: kwamba kaka yake alimwibia kitu ambacho angekipata kwa kukiomba tu.

Machibya aliinuka. Alikuja mpaka mbele yake, karibu sana, mikono imeshuka. "Basi nakuomba sasa," alisema. "Waite warudi. Hawajafika mtoni."

Philomena alimtazama usoni. Alikuwa hajawahi kumwona kaka yake kwa karibu namna hii bila ukungu na bila jicho kuondoka, na alimwona akiwa anangoja, ana matumaini, kama mtu aliyeomba maji.

"Utaniombaje," alisema, "na umeshachukua?"

Akaitwaa ile sahani mikononi mwa mama yake, akaingia nayo ndani.